Mezani kwa Jasusi: Yai, Parachichi na Kahawa ya Milima Yetu

Wapenzi wa hadithi za upelelezi wamezoea kumfuata jasusi wao katika mambo ya bastola, magari na hila za kuponyoka. Wachache humfuata mpaka mezani. Hali ya kuwa mezani ndipo mtu wa nyumbani anapoweza kumwiga bila ya kuhatarisha roho yake! Juma hili ukurasa wetu unamkaribisha jikoni jasusi mmoja mashuhuri, tuone alikula nini, kisha tujiulize: katika vyakula hivyo, ni vipi vinavyopatikana Nyamugari, iwe ile ya Gitega au ile ya Muyinga? Jawabu huenda likamshangaza mtu, kwani vilivyo vingi vipo hapa hapa.

JASUSI NA ZAMA ZAKE

Katika Kiswahili tunaye Willy Gamba, shujaa aliyebuniwa na mwandishi wa Tanzania, Elvis Musiba, ambaye wasomaji walimfahamu katika kitabu kiitwacho Kufa na Kupona, mwaka 1974. Lakini jasusi ambaye sahani yake imeelezwa kwa urefu, hata wapishi wa nchi mbalimbali wakaiiga, ni James Bond wa mwandishi Mwingereza, Ian Fleming. Fleming alizaliwa mwaka 1908, na wakati wa Vita Kuu ya Pili alitumikia idara ya upelelezi ya jeshi la wanamaji la Uingereza. Kitabu chake cha kwanza cha Bond, Casino Royale, kilitoka Aprili 1953.

Tarehe hiyo haifai kupitwa hivi hivi. Tangu Januari 1940 Waingereza walikuwa wakila kwa mgao. Katika miaka ya vita mtu mzima aghalabu alipewa yai moja bichi kwa juma, tena kama lilipatikana. Kitabu hicho kilipotoka, siagi na nyama zilikuwa bado zinagawiwa kwa vipimo, na mgao haukwisha kabisa mpaka Julai 1954. Sasa fikiria mtu wa London aliyesimama foleni mchana akingojea siagi kidogo, kisha usiku akasoma kwamba jasusi ameketi katika hoteli ya Ufaransa, akaagiza chakula chema, na mwishowe, mahali pa vitu vitamu, akataka nusu ya parachichi iliyotiwa mafuta na siki! Kwa msomaji yule parachichi, ambalo hapa kwetu wengi huliita avoka, lilikuwa tunda la mbali na la fahari. Hapa kwetu msimu ukifika hudondoka chini ya mti, na watoto wakalirusha kama mpira.

YAI NA SAA

Katika kitabu cha From Russia, with Love, cha mwaka 1957, mwandishi ameeleza kifungua kinywa cha Bond awapo nyumbani London. Hunywa kahawa kali isiyo na sukari. Hula yai moja lililochemshwa kwa dakika 3 na sehemu ya tatu ya dakika, wala hataki lizidi hapo. Pembeni huwekwa mkate uliobanikwa, siagi, jemu na asali. Ukitazama vema utaona kuwa orodha hiyo haina kitu cha ajabu. Kilichoifanya ya kifahari ni uangalifu: yai la juzi na si la juma lililopita, saa mkononi, na kahawa iliyopikwa wakati ule ule.

Hata hivyo, mpishi wa Gitega asiitii saa ya London bila kufikiri. Gitega imeinuka kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mahali palipoinuka hivyo maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 95 hivi, wala hayafiki 100 kama yachemkavyo pwani. Kwa hiyo yai la dakika 3 na kidogo litatoka likiwa na ute mbichi. Litie katika maji yanayotokota, ulipe dakika 4 na nusu, ndipo ute ushikane na kiini kibaki laini.

Onyo: yai laini ni la mtu mzima mwenye afya. Mtoto mdogo, mama mjamzito na mgonjwa wapewe yai lililoiva sawasawa, dakika 12 katika maji yanayotokota, kwa kuwa yai lisiloiva laweza kuwa na vijidudu viletavyo homa na kuhara.

MAYAI YA KUVURUGA

Chakula ambacho Bond hukirudia mara kwa mara vitabuni ni mayai ya kuvuruga. Fleming mwenyewe aliyapenda, na katika hadithi fupi iliyochapishwa mwaka 1963 kuhusu safari ya Bond mjini New York, alieleza jinsi ya kuyapika. Kipimo chake ni cha watu 4: mayai 12, na siagi baina ya gramu 140 na 170. Siagi hiyo ni nyingi mno kwa moyo na kwa mfuko. Sisi tunashika ufundi wake na kupunguza kipimo.

Mahitaji kwa watu 4: mayai 6; siagi vijiko 2 vya chakula; chumvi kiasi; pilipili manga ikipatikana; majani ya kitunguu yaliyokatwa ndogo ndogo.

Namna ya kupika: Vunja kila yai katika kikombe kwanza, ili lililooza lisiharibu mengine. Yachanganye katika bakuli, utie chumvi, upige kwa uma mpaka ute na kiini viwe kitu kimoja. Chukua sufuria nzito. Punguza makaa ya mbabula yabaki machache, kwani siri yote imo katika moto mdogo. Yeyusha kijiko kimoja cha siagi, mimina mayai, na uvuruge bila kuacha mkono. Yakianza kuganda lakini yangali na majimaji kidogo, epua. Tia kijiko cha pili cha siagi na majani ya kitunguu, uendelee kuvuruga kwa nusu dakika. Joto la sufuria litamaliza kazi. Yapakue juu ya mkate uliobanikwa, au pamoja na ndizi za kuchemsha au viazi vitamu.

Asiye na siagi atumie kijiko kimoja cha mawese, na mayai yatapata rangi ya kupendeza. Akitaka kuwapa watoto mayai hayo hayo, na awatengee sehemu yao, airudishe motoni mpaka ikauke.

PARACHICHI LA CASINO ROYALE

Chagua parachichi lililoiva, linalobonyea kidogo kwa kidole. Likate kwa urefu, utoe kokwa. Koroga vijiko 2 vya mafuta ya kula, kijiko kimoja cha siki au maji ya ndimu, na chumvi kidogo. Jaza shimo la kokwa kwa mchanganyiko huo, ule kwa kijiko. Ndimu huzuia nyama ya tunda isigeuke nyeusi.

Kwa mtoto aliyetimiza miezi 6, ponda parachichi pamoja na yai lililoiva sana, pasipo chumvi wala siki. Chakula hicho kina mafuta mema na utomwili unaojenga mwili, nacho hakihitaji duka.

KAHAWA, NA CHAI PIA

Bond alikuwa mtu wa kahawa; katika kitabu cha Goldfinger, cha mwaka 1959, ameifananisha chai na tope. Hapo hatumfuati, maana chai ya Teza na Rwegura ni fahari yetu. Lakini katika kahawa alikuwa na hoja. Gitega, Muyinga, Ngozi na Kayanza zote hulima kahawa ya arabika, na walevi wa kahawa wa Ulaya huilipia fedha nyingi. Na wangapi miongoni mwa waivunao wamepata kuionja?

Chukua vijiko 4 vya chakula vya kahawa iliyokaangwa na kusagwa, kwa nusu lita ya maji. Bond alitumia chombo cha kioo chenye karatasi ya kuchujia. Kwetu kitambaa cheupe kisafi chatosha. Weka kahawa katika kitambaa juu ya birika, mimina maji yanayotoka kuchemka polepole, kwa duara. Huku milimani joto la nyuzi 95 ndilo wanalolitaka waonjaji wa kahawa, basi hakuna haja ya kungoja. Watoto wasipewe. Na mkubwa anywe kahawa au chai yake saa moja baada ya kula, kwa kuwa vinywaji hivyo hupunguza madini ya chuma ambayo mwili huyapata katika maharage na mboga za majani.

TUSIMFUATE PENGINE

Mwaka 2013 jarida la matibabu la Uingereza, BMJ, lilichapisha hesabu ya pombe aliyokunywa Bond katika vitabu vyake. Ilionekana kuwa kwa juma moja alipita kipimo cha madaktari zaidi ya mara nne. Mtu wa namna hiyo asingeweza kulenga shabaha, licha ya kuendesha gari! Na sigara zake zilifika 60 kwa siku. Basi tumchukulie sahani yake, glasi na sigara tumwachie.

Na askari asidhani kuwa habari hizi ni za akina mama peke yao. Mwandishi mwingine wa hadithi za majasusi, Len Deighton, aliyepata kutumikia jeshi la anga la Uingereza, alianza mwaka 1962 kuchora mapishi katika gazeti la The Observer. Jasusi wake hupika mwenyewe. Filamu ya The Ipcress File ilipotengenezwa, mwaka 1965, mikono inayovunja mayai mbele ya kamera ilikuwa ya Deighton mwenyewe. Baba arudiye likizo akawapikia wanawe mayai hajapungukiwa na cheo chochote.

JAMBO LENYEWE

Kwa nini tumesema hayo yote? Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwetu mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kuwa katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 56 walikuwa wamedumaa. Sababu za kudumaa ni nyingi: maradhi, maji machafu, uzazi wa karibu karibu, na chakula cha namna moja kila siku. Yai peke yake si dawa ya yote. Utafiti wa Ecuador uliochapishwa mwaka 2017 uliona faida kubwa kwa watoto wachanga waliopewa yai moja kila siku kwa miezi 6. Utafiti kama huo nchini Malawi haukuona tofauti kubwa katika kimo. Hata hivyo, mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate kila siku chakula kitokanacho na wanyama, kama vile yai, samaki au nyama.

Kuuza mayai si kosa. Fedha ya yai hununua chumvi, sabuni na daftari. Lakini kuna nyumba ambayo mayai yote na parachichi zote huenda sokoni asubuhi, na jioni fedha ile ile ikarudi kwa sura ya soda na biskuti. Wahenga walikwisha kutuonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Kuku wakitaga mayai 10 kwa juma, matatu au manne yatengwe kwa ajili ya mtoto mdogo kabla kikapu hakijafungwa. Baba na mama wakubaliane, na ahadi hiyo isivunjwe siku ya soko.

Msomaji wa London wa mwaka 1953 alikitamani kitabuni chakula ambacho hakuweza kukipata. Sisi tunacho uani. Na kianzie kwa walio nyumbani, ndipo kifike sokoni.