Rwanda: Kwa nini tone moja la akabanga hutosha

Katika migahawa mingi ya Kigali, kando ya chumvi huwekwa kichupa kidogo cha plastiki chenye ncha ya kudondoshea. Hiyo ni akabanga, jina ambalo kwa Kinyarwanda humaanisha siri ndogo. Ni mafuta ya pilipili yanayotengenezwa na kampuni ya mfanyabiashara Sina Gérard huko Nyirangarama, kwenye barabara iendayo Musanze. Wenyeji hudondosha tone moja au mawili juu ya maharage, isombe au mishikaki. Mgeni anayeyamimina kama mchuzi wa nyanya hujuta papo hapo.

Kinachowasha ni kapsaisini. Kemikali hiyo haiunguzi ulimi, bali huamsha vipokezi vya neva vinavyotambua joto kali, na ubongo ukapashwa habari ya moto usiokuwapo. Mwanasayansi wa Marekani David Julius na wenzake walikibainisha kipokezi hicho mwaka 1997, kazi iliyochangia kumpatia Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2021. Mwili nao hujitetea kwa jasho na kwa kemikali zake za kutuliza maumivu. Hapo ndipo wapenzi wa pilipili wanapoionja raha yao.

Maji hayasaidii, kwani kapsaisini huyeyuka katika mafuta. Maziwa hutuliza zaidi, na Kigali haina uhaba wa maduka ya maziwa.

Hatari iliyo kubwa zaidi iko nyumbani: kichupa hicho hufanana mno na cha dawa ya macho. Kisihifadhiwe pamoja na dawa, wala mahali ambapo watoto wanaweza kukifikia.