Hadithi iliyoandikwa baadaye, ikatangulia

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu alibisha mlangoni pangu akiwa amekumbatia juzuu mbili nene za katuni. Alitaka idhini ya kuzichunguza katika insha yake ndefu ya kumalizia mwaka. Mwenzangu ninayeshirikiana naye ofisi aliinua miwani, akatazama jalada lenye watu walioshika panga za nuru, akacheka waziwazi. Msichana hakujali kicheko hicho. Lililomkera lilikuwa jambo jingine kabisa. "Mwalimu," aliniuliza, "wenye hadithi hizi walishatangaza kwamba mambo haya hayakutokea. Je, bado naweza kuyaandikia?"

Msomaji ambaye hajazisoma hana budi kuelezwa kwanza. Juzuu hizo ni mkusanyo wa Tales of the Jedi, hadithi za katuni ambazo kampuni ya Dark Horse ya Marekani ilizichapa kwa awamu kuanzia 1993 hadi 1998. Waandishi wake wakuu walikuwa Tom Veitch na Kevin J. Anderson. Zinatokana na filamu za Star Wars, ambazo ya kwanza ilionyeshwa mwaka wa 1977, lakini zinarudi nyuma miaka 4,000 na zaidi kabla ya visa vya filamu hiyo. Ni hadithi tangulizi basi: zimeandikwa baadaye kueleza yaliyotangulia.

Kwa mtaalamu wa isimu, kazi ya namna hii si ngeni hata kidogo. Sisi nasi huishi kwa kurudi nyuma. Tunachukua *mtu* la Kiswahili, *mũndũ* la Gikuyu, *omuntu* la Luganda na *umuntu* la Kizulu, tunayalinganisha, kisha tunakisia umbo la mama yao, -ntu, katika lugha ambayo hakuna aliye hai aliyepata kuisikia. Mbele ya umbo hilo tunatia kinyota kidogo. Kinyota hicho ni ungamo la uaminifu: neno hili halijaonekana popote limeandikwa, tumelijenga kutokana na wajukuu zake.

Veitch na Anderson walifanya vivyo hivyo, na mfano bora ni neno Sith. Katika riwaya ya Star Wars iliyotolewa mwaka wa 1976, miezi kadhaa kabla ya filamu yenyewe, Darth Vader anapewa cheo cha bwana wa giza wa Sith. Sith ni nini? Riwaya haisemi, na katika filamu tatu za mwanzo hakuna anayelitamka neno hilo. Lilikuwa mabaki tu, kama kiambishi kilichopoteza maana yake. Waandishi wa katuni wakalibunia asili: Sith walikuwa taifa la watu, wakaja Majedi waliofukuzwa kwao, wakawatawala na kuabudiwa nao, na hatimaye watawala wakajitwalia jina la watawaliwa. Mwanafunzi yeyote wa historia ya lugha atakiri kwamba majina husafiri hivyo. Niliposoma sehemu hiyo niliacha kuwa mkaguzi wa insha, nikawa msomaji.

Hata hivyo sina budi kulalamika. Anderson, katika visa vinavyorudi nyuma miaka 5,000, alijitahidi kuvizeesha vitu. Panga za nuru zimefungwa kwa waya kwenye kifurushi cha nishati kiunoni, na majengo ya watawala yanamkumbusha msomaji Misri ya kale. Lakini watu wanasema vilevile watakavyosema wajukuu wao baada ya miaka hiyo yote! Msomaji na apime urefu wa muda huo. Wataalamu wengi wanakadiria kwamba wasemaji wa lugha mame ya Kibantu walianza kutawanyika kutoka mpakani mwa Nigeria na Cameroon miaka kati ya 4,000 na 5,000 iliyopita. Katika muda huohuo lugha moja imezaa lugha zaidi ya 400. Upanga ulipewa haki ya kuwa na historia, ulimi ukanyimwa. Najua kisingizio, kwamba mnunuzi wa katuni lazima aelewe kilichoandikwa. Lakini hata methali moja iliyochakaa, hata salamu moja isiyojulikana maana yake, ingetosha.

Tukiacha lugha, kuna kisa cha Ulic Qel-Droma, ambacho ndicho kiini cha mkusanyo wote. Ulic ni Jedi kijana anayeazimia kujiunga na maadui ili awaangamize kutoka ndani. Walimu wake wanamwonya. Anaingia, na adui wa ndani anakuwa yeye mwenyewe. Anaongoza vita dhidi ya watu wake, na mwishowe anamuua Cay, ndugu yake wa damu. Hapo Nomi Sunrider, mwanamke aliyempenda, anamkatia uwezo wote wa kuihisi ile Nguvu ambayo Majedi huitegemea, kama mtu apofushwaye na kuzibwa masikio kwa pamoja.

Msomaji anayezijua filamu atasema upesi: huyu ni Vader tena. Ni kweli kwamba kivuli cha Vader kimemwangukia. Lakini Vader, katika filamu ya 1983, anatubu na kufa karibu katika saa hiyohiyo. Kwa kusema kweli, hiyo ni toba nyepesi. Ulic ananyimwa upesi huo. Katika sehemu ya mwisho, Redemption, iliyoandikwa na Anderson na kuchorwa na Chris Gossett, imepita miaka kumi, naye anaishi peke yake katika sayari ya barafu, hana nguvu wala cheo, ila kumbukumbu. Anayemfuata huko ni Vima, binti wa Nomi, akitaka afundishwe. Ulic anakataa, kisha anakubali. Anafundisha kitu ambacho yeye mwenyewe hawezi tena kukihisi. Walimu wenzangu, someni kurasa hizo, kisha mniambie kama hazituhusu.

Sasa nirudi kwa swali la mwanafunzi. Mwaka wa 2012 kampuni ya Disney iliinunua Lucasfilm, na Aprili 2014 ikatangazwa kwamba hadithi karibu zote za vitabu na katuni zilizokuwa zimetolewa zitaitwa Legends, yaani hekaya, na kwamba filamu mpya hazitafungwa nazo. Sababu yao naielewa. Mtunzi mpya huhitaji uwanja mtupu. Ninachokipinga ni msomaji kuamini kwamba tangazo hilo limegusa kitu alichokisoma. Mwenye hakimiliki anaweza kuamua kitakachoandikwa kesho. Kifo cha Cay hakiwezi, isipokuwa mtu achane ukurasa. Habari za Fumo Liyongo zimesimuliwa pwani yetu kwa namna nyingi, na Muhammad Kijumwa alipozitungia utenzi mwaka wa 1913 hakuhitaji muhuri wa ofisi yoyote, wala utenzi wake haukuwafanya wasimulizi wengine kuwa waongo. Zaidi ya yote, katuni hizi hazikuwahi kudai kwamba zilitokea. Zilikuwa na kinyota tangu mwanzo.

Nilimjibu kwamba anaweza kuziandikia, nikampa sharti moja. Juzuu zake, zilizotolewa mwaka wa 2007 na 2008, zimepangwa kwa kufuata miaka ya ndani ya hadithi, hivyo visa vya 1996 na 1997 vinatangulia vile vya 1993. Asomaye hivyo hudhani kwamba msingi ulichimbwa kwanza, kumbe paa ndilo lililotangulia. Nilimtaka azisome kwa utaratibu wa kuchapwa, 1993 hadi 1998, aandike kando kila mahali mwandishi alipolazimika kubuni babu wa kitu kilichokwisha kuwapo, kisha azisome upya kama zilivyopangwa. Ameniletea kurasa kumi na mbili za mwanzo. Mwenzangu wa ofisini ameziazima tangu Jumatatu, na hajazirudisha.