Mvua Zinakuja: Toa Vitu Nje Kwanza

MTANGAZAJI: 

Jua bado ni kali na vumbi limeingia hadi kwenye sufuria, lakini mvua za Machi ziko karibu. Ulaya watu husafisha nyumba baridi inapoisha. Kwetu wakati wa kazi hiyo ndio huu, kabla tope halijafika mlangoni. Leo tunakupeleka mashariki mwa Uganda, Jinja na Mbale, uone kwa nini.

Jinja ndio mji mkubwa wa Busoga. Mwaka 2010 funza walizidi sana huko Busoga, na mwezi wa Oktoba iliripotiwa kwamba watu wapatao 20 walikuwa wamekufa. Funza ni kiroboto wa milimita 1 tu. Jike huingia kwenye ngozi ya mguu, huvimba, kisha hudondosha mayai chini. Mayai huanguliwa baada ya siku 3 au 4. Watoto wake hukaa kwenye vumbi kavu: chini ya mkeka, nyuma ya magunia, kwenye pembe ambako ufagio haufiki. Baada ya wiki kama 3 ni viroboto wazima.

Ndiyo maana kufagia katikati ya chumba tu hakusaidii. Toa kila kitu nje. Godoro lianikwe juani, pande zote mbili. Nyunyiza maji sakafuni kabla ya kufagia, vumbi lisiruke. Halafu kandika sakafu kwa udongo wa mfinyanzi na mavi ya ng'ombe. Kama huna ng'ombe wala jirani mwenye ng'ombe, udongo na maji vitaziba nyufa. Rudia baada ya wiki 2 au 3, kwa sababu mayai mengine yalikuwa bado hayajaanguliwa. Mbwa na nguruwe wasilale ndani. Nao hubeba funza.

Na ile sindano ya kutolea funza, mama, isitoke mguu wa mtoto mmoja kwenda wa mwingine. Inaweza kupitisha homa ya ini na virusi vya UKIMWI, na kidonda chenyewe kinaweza kuingiza pepopunda. Mpeleke mtoto kituo cha afya.

Chandarua nacho kifue siku hiyo. Tumia sabuni ya kawaida, usitumie jiki, na kianike kivulini, maana jua hupunguza nguvu ya dawa. Usikifulie mtoni wala ziwani. Dawa ile huua samaki.

(Muziki kidogo)

Sasa vitu viko nje. Kabla hujavirudisha, sikia ya Mbale. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mvua kubwa ilinyesha na mito ya Nabuyonga na Namatala ikafurika hadi mjini. Zaidi ya watu 20 walikufa. Maji ya namna hiyo hayasubiri utafute kadi yako chini ya kitanda.

Kwa hiyo anza na karatasi: kadi ya mgao, hati ya ukimbizi, vyeti vya shule, kadi za chanjo. Zifunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki, uzitundike juu kwenye nguzo, na kila mtu mzima nyumbani ajue zilipo. Unga na mbegu viinuliwe juu ya mawe au mbao.

Vilivyobaki? Aliyekimbia kwao mikono mitupu hatupi kitu kirahisi, nasi hatukulazimishi. Lakini makopo na jerikeni zilizopasuka, zikiachwa nje, hujaa maji na kuzaa mbu. Toboa chini, tia udongo, panda sukuma wiki. Chupa ya dawa ya shamba pekee ndiyo isiyofaa kitu: usiweke ndani yake maji wala mafuta hata ukiiosha mara kumi. Na takataka zisiende kwenye mtaro. Mtaro ukiziba, maji hutafuta njia nyingine, na njia hiyo huwa ni nyumba ya mtu.

Mwisho, chimba mfereji kuzunguka nyumba, udongo wake uurundike upande wa ukuta. Kabla ya kuchagua maji yatokee wapi, nenda ukaongee na jirani wa upande wa chini. Mkichimba pamoja, mfereji utafika hadi kwenye mtaro mkubwa.