Kutoka Mchoro hadi Jengo: Zoezi la Juan Gris na Upimaji wa Miradi ya Wanafunzi wa Usanifu Majengo

Ikisiri

Makala hii inafafanua zoezi la Juan Gris, mradi uliotolewa kwa wanafunzi wa usanifu majengo wa Cooper Union, New York, wakati wa John Hejduk. Zoezi hilo lilimtaka mwanafunzi abuni jengo kwa kuongozwa na nia ya mchoraji mkubisti. Makala inaeleza chimbuko la zoezi hilo, namna linavyofanya kazi, na swali ambalo linamkabili kila mtahini wa mradi wa aina hii: ni kitu gani hasa kinachopimwa? Hoja kuu ni kwamba thamani ya mradi haimo katika jengo kufanana na mchoro wa kikubisti, bali katika uwezo wa mwanafunzi wa kuonesha ni kanuni gani ya mchoro imehamia katika nafasi ya jengo, na ni ipi iliyokataa kuhama.

1.0 Utangulizi

Uhusiano wa ukubisti na majengo ni wa tangu mwanzo. Mwaka 1908 Georges Braque alichora nyumba za L'Estaque, kusini mwa Ufaransa, na mhakiki Louis Vauxcelles akasema kwamba mchoraji huyo amevigeuza vitu vyote kuwa michemraba. Jina la mkondo huo lilizaliwa katika kejeli ya namna hiyo. Mwaka uliofuata, Pablo Picasso alichora nyumba za Horta de Ebro, Hispania, zikiwa zimepandana mlimani, kuta na mapaa yake yakielekea pande zisizopatana. Katika michoro hiyo jengo lilikuwa malighafi ya mchoraji: lilivunjwa katika bapa zake, kisha bapa hizo zikapangwa upya juu ya uso wa mchoro.

Swali la wasanifu lilikuwa kinyume cha hilo. Ikiwa mchoraji amelivunja jengo ili kupata mchoro, je, msanifu anaweza kuanza na mchoro na kupata jengo? Swali hili linaonekana jepesi, lakini lina ugumu wa ndani. Mchoro wa kikubisti hukusanya mitazamo mingi katika uso mmoja kwa sababu mtazamaji amesimama mahali pamoja. Jengo, kwa upande wake, huzungukwa na kuingiwa. Mitazamo yake mingi ipo tayari, nayo hufunuka kwa kufuatana kadiri mtu anavyotembea. Kwa hiyo mwanafunzi anayeambiwa atumie ukubisti katika jengo hana budi kwanza kujiuliza anahamisha kitu gani.

2.0 Jibu la awali: ukubisti kama umbo la nje

Jibu la kwanza lilikuwa kuhamisha sura. Katika maonesho ya Salon d'Automne ya mwaka 1912 mjini Paris, mchongaji Raymond Duchamp-Villon aliwasilisha uso wa nyumba uliojulikana kama Maison Cubiste. Mapambo yake yalikuwa ya pembe na mikunjo mikali, lakini mpangilio wa uso wenyewe ulibaki ule wa nyumba ya kawaida ya mjini, wenye mlango katikati na madirisha yaliyolingana pande mbili.

Mjini Prague jaribio lilikwenda mbali zaidi. Josef Gočár alisanifu jengo la Madona Mweusi, lililojengwa kati ya mwaka 1911 na 1912, ambalo madirisha, mlango na mapaa yake yamekatwa kwa pembe zinazofanya mwanga na kivuli vibadilike juu ya uso wake. Jengo hilo lina kiunzi cha zege iliyoimarishwa kwa chuma, na kiunzi hicho ndicho kilichowezesha ndani kupatikana sakafu pana. Hata hivyo, pembe za nje na mpangilio wa ndani ni mambo mawili yanayoweza kuelezwa kila moja peke yake. Jambo hili ni la msingi kwa makala hii, kwa kuwa kosa linalowanyemelea wanafunzi hadi leo ni hilohilo: kuvunjavunja uso wa nje huku ramani ya sakafu ikibaki kama ilivyokuwa.

3.0 Jibu la pili: ukubisti kama mpangilio wa nafasi

Katika kitabu chake cha mwaka 1941, Space, Time and Architecture, Sigfried Giedion aliweka mchoro wa Picasso uitwao L'Arlésienne sambamba na jengo la Bauhaus la Walter Gropius, lililokamilika Dessau mwaka 1926. Kwa maoni yake, kuta za vioo za karakana ya Bauhaus huruhusu jicho kuona ndani na nje kwa wakati mmoja, kama vile mchoro unavyoonesha pande kadhaa za uso wa mtu kwa pamoja.

Ulinganisho huo ulipingwa na Colin Rowe na Robert Slutzky, waliokutana katika Chuo Kikuu cha Texas, Austin, katikati ya miaka ya 1950. Makala yao kuhusu uangavu, iliyochapishwa katika jarida la Perspecta mwaka 1963, ilitofautisha aina mbili za uangavu. Ya kwanza ni uangavu wa kimaada, yaani sifa ya kioo ya kupitisha mwanga. Ya pili inaweza kuitwa uangavu wa kiutambuzi, yaani mpangilio unaoifanya sehemu moja isomeke kuwa ya maumbo mawili au zaidi kwa wakati mmoja. Katika mchoro wa kikubisti, mstari uleule unaweza kuwa ukingo wa meza na pia ubavu wa chupa. Jicho haliwezi kuamua mara moja na kwa yote kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma.

Mfano wao wa aina ya pili ulikuwa nyumba iliyosanifiwa na Le Corbusier huko Garches mwaka 1927. Ukuta wa ghorofa ya chini ya nyumba hiyo umerudishwa nyuma ya uso wa mbele. Juu kabisa, kuta mbili zinazosimama peke yake mwishoni mwa baraza ya paa zimewekwa katika kina kilekile cha ukuta wa chini. Kati ya chini na juu hakuna ukuta unaoonekana katika kina hicho, lakini dalili hizo mbili hulifanya jicho likamilishe bapa lililojificha nyuma ya uso. Bapa hilo halikuhitaji kioo ili litambulike; lilihitaji mpangilio.

4.0 Zoezi lenyewe

John Hejduk alifundisha Austin kati ya mwaka 1954 na 1956, katika kundi lilelile la Rowe na Slutzky. Huko ndiko lilikoanzia zoezi la miraba tisa, ambalo mwanafunzi hupewa ramani ya mraba iliyogawanywa katika miraba tisa sawa, nguzo 16 katika makutano ya mistari, pamoja na boriti na paneli, naye hutakiwa kugundua uhusiano wa sehemu hizo. Mwaka 1964 Hejduk alijiunga na Cooper Union, ambako zoezi la miraba tisa lilifuatwa na mengine, likiwamo la Juan Gris. Kazi za wanafunzi hao zilioneshwa katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York mwaka 1971 na kuchapishwa katika kitabu kiitwacho Education of an Architect: A Point of View.

Agizo la zoezi la Juan Gris lilikuwa fupi: kubuni jengo kwa nia ya Juan Gris. Neno "nia" ndilo linalobeba uzito wote. Agizo halikusema "kwa mtindo wa Gris", wala halikumtaka mwanafunzi atafsiri mchoro fulani.

Uteuzi wa Gris nao una mantiki yake. Gris, aliyezaliwa Madrid mwaka 1887 na kufariki mwaka 1927, alikuwa amesoma michoro ya kiufundi kabla ya kuhamia Paris mwaka 1906. Baadhi ya michoro yake ya mwaka 1912 imejengwa juu ya gridi inayoonekana waziwazi, na kila chumba cha gridi hiyo hubeba mtazamo wake. Mwaka 1921, katika jarida la L'Esprit Nouveau, ambalo Le Corbusier alikuwa miongoni mwa wahariri wake, Gris alieleza kwamba Cézanne huigeuza chupa kuwa mcheduara, ilhali yeye huanza na mcheduara akafika kwenye chupa. Njia hiyo ya kuanza na muundo dhahania na kuishia katika kitu mahususi inalingana na njia ya mwanafunzi anayeanza na miraba tisa na kuishia katika nyumba.

5.0 Namna zoezi linavyofanya kazi

Ufafanuzi huo unawezesha kutenganisha hatua tatu za kimantiki katika mradi wa aina hii. Hatua ya kwanza ni uchambuzi: mwanafunzi hubainisha mistari mikuu ya mchoro na kueleza ni sehemu zipi zinamilikiwa na maumbo mawili. Hatua ya pili ni kuvipa vitu hivyo kina. Bapa lililokuwa juu ya karatasi huwekwa katika umbali fulani kutoka mbele, na hapo mwanafunzi hulazimika kuamua jambo ambalo mchoro ulikwepa kuliamua, yaani kipi kiko mbele. Hatua ya tatu ni kurudisha utata uliopotea katika uamuzi huo. Ukuta uliokwisha kuwekwa mahali pake hupangwa na nguzo, ngazi au uwazi mwingine ili mtu aliyesimama mlangoni ausome kuwa wa chumba kimoja, na akisogea hatua chache ausome kuwa wa chumba cha pili.

Hatua ya tatu ndiyo ngumu, na ndiyo inayofundisha. Katika mchoro, utata hutokana na ukosefu wa kina halisi. Katika jengo, lazima utengenezwe licha ya kina kuwapo. Hejduk mwenyewe alilichunguza tatizo hili katika michoro ya nyumba za almasi, zilizooneshwa New York mwaka 1967. Ramani ya mraba iliyozungushwa kwa nyuzi 45 na kuchorwa kwa makadirio ya isometria hutokea tena kama mraba, na sakafu za juu na chini huonekana zimelala katika bapa moja. Mchoro wa kitaalamu wa msanifu, ambao kazi yake ni kueleza kina, ulitumika hapo kukificha.

6.0 Athari kwa upimaji

Kutokana na uchambuzi huo, vigezo vitatu vinaweza kupendekezwa kwa mtahini. Kwanza, ramani ya sakafu ipimwe kabla ya uso wa nje. Ikiwa pembe za nje zinaweza kuondolewa bila ramani kubadilika, mradi umeishia katika mapambo. Pili, mwanafunzi aoneshe mahali mahususi penye usomaji wa aina mbili, na aeleze mtumiaji anapaswa kusimama wapi ili kila usomaji utokee. Dai la jumla kwamba jengo "lina mitazamo mingi" halitoshi, kwa kuwa kila jengo linayo. Tatu, mwanafunzi abainishe kilichoshindikana kuhama. Chupa iliyoinama katika mchoro haimwagiki. Boriti iliyoinama katika jengo hudai kuegemezwa. Maelezo ya kushindikana huko ni ushahidi kwamba mchoro umesomwa kwa kina, na hayafai kukatiwa alama.

Vigezo hivi haviondoi udhaifu wa zoezi lenyewe. Agizo halitaji mwenye nyumba, kiwanja, tabianchi wala gharama. Mwanafunzi anaweza kulimaliza kwa ufanisi bila kujua jua linachomoza upande gani wa jengo lake. Watetezi wa zoezi wanaweza kusema kwamba mambo hayo yameahirishwa kwa makusudi ili jambo moja lifunzwe barabara. Utetezi huo una nguvu iwapo tu mtaala una mahali ambapo yaliyoahirishwa yanarejeshwa. Zoezi likisimama peke yake, humzoeza mwanafunzi kuamini kwamba nafasi ni suala la jicho pekee.

7.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba ukubisti uliingia katika usanifu majengo kwa njia mbili: kama sura ya nje, na kama mpangilio wa nafasi. Zoezi la Juan Gris ni la njia ya pili, na agizo lake fupi lina maana pale tu neno "nia" linapochukuliwa kwa uzito. Mtahini anayetafuta mfanano kati ya mchoro na jengo humtuza mwanafunzi aliyenakili na kumwadhibu yule aliyegundua kwamba jengo lina masharti yake. Mradi unaostahili alama ya juu unaweza kabisa usifanane na mchoro wowote wa Gris. Unachopaswa kuonesha ni kwamba kila ukuta uliowekwa una sababu katika ramani, na kwamba angalau mmoja kati ya kuta hizo una sababu mbili.