Mzazi Mgonjwa Si Mvivu

Yako maradhi ya uzeeni yawezayo kuwatia watoto dhambini bila ya wao kujijua. Baba huamka alfajiri akasali kwa kusimama, akanywa chai na kuzungumza vizuri. Ikifika alasiri, kope zimemwangukia, mtu mmoja amwona wawili, sauti imekuwa ya puani, na tonge lamshinda kutafuna. Akipumzika, nguvu humrejea. Hapo watu wa nyumbani huanza kunong'ona: "Mzee ajisingizia; mbona asubuhi alikuwa mzima?" Na jirani hakosi kusema kuwa ni jini au ni husuda.

Huenda yakawa ni maradhi yaitwayo miasthenia gravisi, na huko kupanda na kushuka kwa nguvu ndiko alama yake kubwa. Mtu akitaka kuinua mkono, mshipa wa fahamu humwaga kemikali mbele ya msuli, na msuli huipata amri kwa vipokezi vyake. Katika maradhi haya, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka ikavishambulia vipokezi hivyo. Amri hutolewa, lakini haifiki sawasawa. Na kila msuli ukizidi kutumika, huzidi kuchoka. Hayaambukizi. Daktari wa mishipa ya fahamu ndiye wa kumwona, na kipimo cha damu huwatambulisha wagonjwa walio wengi.

Mwaka 1934, Dkt. Mary Walker, katika hospitali ya St Alfege huko Greenwich, London, aliona kuwa hali ya wagonjwa hawa yafanana na ya mtu aliyepatwa na kurare, sumu ya mishale ya wenyeji wa Marekani ya Kusini. Akajaribu dawa iliyokuwa ikiivunja sumu hiyo, na kope ya mgonjwa ikainuka. Piridostigmini itumiwayo leo ni ya ukoo huohuo.

Basi kazi ya kwanza ya mtoto ni kuangalia saa. Vidonge hivi huanza kusaidia baada ya nusu saa au zaidi kidogo, na nguvu yake hukaa kiasi cha saa tatu au nne. Ikiwa daktari amekubali, na chakula cha mchana ni saa saba, dawa na itolewe saa sita na robo, ili mzee atafune na kumeza wakati dawa imo kazini. Chakula kiwe laini. Aketi wima, ale matonge madogo, wala asisemeshwe akila. Kuoga na kupokea wageni kuwe asubuhi, na maji yasiwe ya moto sana, kwani joto humzidishia udhaifu. Akipewa prednisoloni ya kutuliza kinga, asiiache ghafla hata akijiona amepona, na sukari na presha zake zipimwe.

Hatari iliyo kubwa hutoka mahali tusipopashuku. Homa ikimshika mzee, twakimbilia sindano. Lakini kwinini yaweza kumlegeza vibaya; kadhalika jentamaisini na siprofloksasini, na propranololi itumiwayo kwa presha na moyo. Andika jina la maradhi yake na dawa zake katika karatasi, na kila daktari aonyeshwe kabla ya kuandika dawa. Wala homa yenyewe isipuuzwe, kwani huyachochea maradhi haya. Akishindwa kumeza mate, au akipumua kwa shida hata hawezi kumaliza maneno kwa pumzi moja, apelekwe hospitali saa ileile, ijapokuwa ni usiku wa manane.

Ama ibada, dini haikumtwika mgonjwa asichokiweza. Asiyeweza kusimama na asali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa na asali kwa kulala. Katika Ramadhani, mgonjwa asiyetarajiwa kupona, ambaye saumu yamdhuru, ana ruhusa ya kula na kulisha maskini mmoja kwa kila siku. Aulizwe daktari, kisha aulizwe shekhe. Wazee wengi huona haya kuitumia ruhusa hiyo, wakaficha vidonge mpaka magharibi. Ni juu ya mtoto kumfahamisha kwa upole, na kumwekea chakula chake kwa heshima.

Katika Sura ya Bani Israil tumekatazwa hata kuwaguna wazazi wetu wafikapo uzeeni. Na kuguna huanzia moyoni, pale mtoto adhanipo kuwa mzazi wake ajifanya tu. Kijiko kikimponyoka mama jioni, usimwulize mbona asubuhi alikishika. Kiokote, umlishe.

Mwenyezi Mungu awape wagonjwa wetu nafuu, nasi atupe subira ya kuwatumikia. Amin.