Kipuri Kibadilishwe Lini?

Mkanda wa taimingi hautoi taarifa kabla ya kukatika. Gari linaondoka salama asubuhi, mchana linazima barabarani, na kwa injini nyingi pistoni hugonga valvu na kuzipinda. Ndiyo maana mafundi husisitiza ubadilishwe mapema. Lakini mapema ni lini? Wengi hujibu kwa mazoea, ilhali hesabu yake ipo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kubadilisha mkanda kwa wakati ni shilingi 200,000; ukikatika njiani, matengenezo ni 1,000,000. Katika mikanda 100, 2 hukatika kabla ya kilomita 50,000, mingine 8 kabla ya 100,000, na mingine 30 kabla ya 150,000. Anayebadilisha kila kilomita 50,000 hutumia wastani wa shilingi 218,000 hivi kwa kila kilomita 50,000 anazotembea. Anayengoja 150,000 hutumia kama 194,000 kwa mwendo huohuo, kwa sababu mikanda 40 kati ya 100 imeshamkatikia. Anayebadilisha kwenye 100,000 hutumia 145,000 tu. Mwenye haraka anatupa mikanda mizima, mwenye kuchelewa anazika pesa kwenye injini.

Hesabu hii inasimama pale tu ambapo kuharibika ghafla kuna gharama kubwa kuliko kubadilisha, na kipuri huzidi kuwa hatari kadiri kinavyozeeka. Sharti hili la pili ndilo husahaulika, nami naliona ndilo kiini cha jambo zima. Mwaka 1978 F. Stanley Nowlan na Howard Heap wa shirika la ndege la United Airlines walitoa ripoti iliyoonyesha kuwa ni asilimia 11 hivi tu ya aina za vifaa vya ndege walivyochunguza vilivyokuwa na dalili ya kuchakaa kwa umri. Asilimia 68 vilikuwa hatarini zaidi vikiwa vipya, kisha hatari ikatulia. Kifaa cha namna hiyo ukikitoa kizima na kufunga kipya, umejirudishia hatari uliyokwisha kuivuka.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mwanabiolojia Mwingereza C. H. Waddington aligundua kwamba hitilafu za ndege za doria ziliongezeka mara tu baada ya ukaguzi wa ratiba, kisha zikapungua. Kufungua na kufunga kulivuruga vilivyokuwa sawa.

Panapopimika, pima: unene wa brekipedi, joto na mlio wa beringi. Pasipopimika, weka daftari. Andika kipuri kilifungwa lini, kilitoka lini, na kama kilitoka kimevunjika au kizima. Vilivyotoka vizima visiachwe, kwani ukihesabu vilivyovunjika peke yake utaona umri wa vipuri ni mfupi kuliko ulivyo, na utaendelea kununua usichokihitaji.