Jenerali na Mizabibu ya Nchi ya Baridi

Askari anapokaribia kustaafu huwaza mengi: nyumba, karo za watoto, malipo ya uzeeni. Lakini liko jambo moja ambalo wengi hulisahau mpaka siku ya kuvua magwanda iwadie, nalo ni kazi ya mikono. Asubuhi inayofuata hakuna tarumbeta, hakuna gwaride, wala hakuna wa kukagua. Mikono iliyozoea shughuli kwa miaka thelathini ikilala ghafla, moyo nao huanza kuzeeka kabla ya wakati wake.

Katika habari za wanajeshi waliojitafutia kazi ya namna hiyo, ya Meja Jenerali Sir Guy Salisbury-Jones wa Uingereza ina mafunzo mengi. Alizaliwa mwaka 1896, akapigana Vita Kuu ya Kwanza katika kikosi cha Coldstream Guards, na baada ya Vita ya Pili, kati ya mwaka 1946 na 1949, alikuwa mwambata wa kijeshi mjini Paris. Kuanzia mwaka 1950 alikabidhiwa kazi ya itifaki ya kuwahudumia mabalozi walioko London. Nyumbani kwake, katika kijiji cha Hambledon, jimbo la Hampshire, palikuwa na mteremko mbele ya nyumba. Mwaka 1952, akiwa na umri wa miaka hamsini na kitu, aliupanda mizabibu mteremko huo.

Wakati huo Uingereza haikuwa tena na kilimo cha zabibu cha kuhesabika. Shamba mashuhuri la Castell Coch, huko Wales, lilikuwa limekwisha kung'olewa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na watu wengi waliamini kwamba nchi ile ya mvua na ukungu haiwezi kuivisha zabibu za mvinyo. Jenerali hakubishana na mtu. Aliomba ushauri kwa watengenezaji mvinyo wa Champagne nchini Ufaransa, ambao mizabibu yao husimama juu ya udongo wa chaki kama ule wa Hambledon, kisha akashika jembe.

Mzabibu na baridi

Mzabibu ni mti unaopenda jua. Huko Dodoma, Tanzania, mkulima huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Katika nchi za baridi mavuno ni mara moja tu. Mti hulala usingizi majira yote ya baridi bila jani hata moja, huamka mwezi wa Aprili joto linapozidi digrii 10 za sentigredi, hutoa maua mwishoni mwa Juni au mwanzo wa Julai, na matunda huiva Oktoba.

Kwa hiyo mkulima wa huko ana maadui watatu. Wa kwanza ni baridi ya kipupwe, inayoweza kuua mti mzima. Wa pili ni jalidi ya Aprili na Mei, inayochoma machipukizi mapya usiku mmoja. Wa tatu ni ufupi wa kiangazi, kwa maana zabibu isiyopata siku za kutosha hubaki chachu. Hakuna mbolea wala dawa inayoweza kumshinda adui wa namna hiyo. Hushindwa kwa kuchagua vema kabla jembe halijagusa ardhi.

Mahali na aina

Uchaguzi wa kwanza ni mahali. Katika nchi zilizo kaskazini mwa dunia jua hupita upande wa kusini, hivyo mteremko unaotazama kusini hupata joto zaidi. Hewa ya baridi ni nzito, nayo huteremka usiku kama maji na kutuama bondeni. Mizabibu iliyopandwa bondeni huogelea katika baridi hiyo, ilhali ile ya katikati ya mteremko huokoka. Aidha, udongo usituamishe maji. Chaki ya Hambledon ni njema kwa sababu hupitisha maji ya mvua yaliyozidi, lakini huhifadhi unyevu chini kwa ajili ya mizizi.

Uchaguzi wa pili ni aina ya mzabibu. Hapa jenerali na wenzake walinufaika na kazi ya mkemia mmoja, Ray Barrington Brock, ambaye tangu miaka ya 1940 alijaribu aina nyingi za mizabibu katika shamba lake la Oxted, Surrey, kwa fedha yake mwenyewe, ili ajue ni zipi zitakazoiva chini ya jua la Uingereza. Aina ya Seyval Blanc, inayowahi kuiva, ni miongoni mwa zilizostawi Hambledon.

Kwenye baridi kali kuliko ya Uingereza hata aina hizo hazitoshi. Katika majimbo ya Minnesota na Wisconsin, Marekani, kipupwe huweza kushuka hadi digrii 30 chini ya sifuri, na mizabibu mingi ya Ulaya hufa kabla ya kufika hapo. Mfugaji mmoja wa ng'ombe wa maziwa wa Osceola, Wisconsin, aitwaye Elmer Swenson (1913–2004), alianza mwaka 1943 kuchanganya mbegu za mzabibu mwitu uotao kandokando ya mito, ambao huistahimili baridi hiyo, na mizabibu yenye matunda matamu. Alikamua ng'ombe, na saa zilizobaki alikuwa na mizabibu yake. Baadaye Chuo Kikuu cha Minnesota, ambako Swenson aliwahi kufanya kazi, kilitoa aina mpya kama Frontenac mwaka 1996 na Marquette mwaka 2006. Leo familia zinazoishi katikati ya theluji hupanda aina hizo uani.

Kazi yenyewe

Shamba la kujifurahisha lisizidi nguvu za nyumba. Miche 50, ikipandwa kwa nafasi ya mita moja na robo kati ya mche na mche na mita mbili kati ya mistari, hukaa katika eneo la mita za mraba 125. Hiyo ni kazi ya baba, mama na watoto baada ya shughuli zao, bila kuajiri kibarua.

Huko Ulaya miche hununuliwa ikiwa imebebeshwa juu ya mizizi ya mizabibu ya Kimarekani, kwa sababu mdudu mdogo aitwaye filoksera, aliyeingia huko katika miaka ya 1860, hula mizizi ya mizabibu ya Ulaya mpaka ife. Miche huloweshwa majini usiku kucha, kisha hupandwa majira ya machipuo, na ile sehemu iliyobebeshwa huachwa juu ya ardhi.

Mwaka wa kwanza mche huachiwa chipukizi moja tu, nalo hufungwa kwenye kijiti. Kipupwe kikifika hukatwa mpaka yabaki macho mawili au matatu. Mwaka wa pili husimamishwa nguzo na kutandazwa nyaya, ya chini ikiwa juu kidogo ya goti la mtu mzima. Maua yakitokea katika miaka hiyo miwili huondolewa, ili nguvu yote iende kwenye mizizi. Hili ndilo jaribu kubwa la mkulima mpya: kukata kwa mkono wake mwenyewe kile alichokingoja. Asiyeweza kufanya hivyo atavuna kidogo leo na kuwa na mti dhaifu kesho.

Kuanzia mwaka wa tatu mti hupogolewa kila kipupwe. Tawi moja lenye macho nane hadi kumi hulazwa na kufungwa kwenye waya wa chini, jingine fupi lenye macho mawili huachwa kwa ajili ya mwaka ujao, na mengine yote hukatwa. Kiangazi majani yanayofunika vishada hupunguzwa ili jua na upepo vipite, kwani unyevu huleta magonjwa ya ukungu. Wakulima wa tangu zamani huyazuia kwa unga wa salfa na kwa mrututu uliochanganywa na chokaa. Zabibu zinapoanza kulainika ndege na nyigu huja kwa wingi, nazo nyavu hutandazwa juu ya mistari.

Kuvuna nako kunataka subira. Mbegu za zabibu mbichi ni za kijani. Zikigeuka kahawia na tunda likapoteza uchachu wake, siku imefika. Kilo moja hadi moja na nusu hutoa takriban chupa moja ya mvinyo. Nyumba isiyotumia kileo itapata maji matamu ya zabibu, jemu, au matunda ya kula mezani.

Usiku wa jalidi

Yote hayo yaweza kufanywa kwa uangalifu, na bado usiku mmoja ukayaharibu. Mwishoni mwa Aprili 2017 jalidi iliunguza machipukizi katika mashamba mengi ya Uingereza na Ufaransa. Wakulima waliwasha mishumaa mikubwa kati ya mistari mpaka alfajiri. Baadhi waliokoa mazao yao, wengine walikuta asubuhi machipukizi yamekuwa meusi kama yaliyopigwa moto.

Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Katika kila jicho la mzabibu, kando ya chipukizi kubwa, limejificha dogo la akiba. La kwanza likifa, la akiba huamka. Mavuno huwa haba, ila mti haufi, na mkulima asiyekata tamaa huupogoa tena kipupwe kinachofuata.

Salisbury-Jones alivuna na kukamua mvinyo wake wa kwanza katikati ya miaka ya 1950. Aliendelea na shamba lake mpaka mwaka 1984, alipoliuza, na mwaka uliofuata alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 88. Mteremko wa Hambledon ungali una mizabibu, na leo Uingereza na Wales zina mashamba mengi ya zabibu.

Si lazima kila mstaafu apande zabibu. Mwingine atapanda migomba, mwingine atafuga nyuki, mwingine atakuwa na bustani ya mboga nyuma ya nyumba. Lililo muhimu ni kuanza mapema, kuanza kidogo, na kuchagua kinachoafikiana na ardhi aliyopewa. Mvumilivu hula mbivu, wahenga walisema. Naye anayetaka kula mbivu uzeeni hana budi kupanda angali na nguvu za kushika jembe.